Kabla Umlaumu Jirani Kuua Mbwa Wako, Cheki Kama ni Parvo

Jana kambwa kako ka miezi mitatu kalikuwa kanaruka-ruka. Leo kamelala kwa kona, hakataki chakula, kanatapika na kuhara damu yenye harufu mbaya. Siku mbili tatu, kamededi. Mtaani stori huwa moja: "Ni yule jirani, amekawekea sumu." Kuna majirani hawasalimiani hadi leo juu ya hiyo stori.

Mara nyingi hata si sumu. Ni parvo, virusi vilivyojulikana 1978 na kwa miaka kama miwili vikawa vimezunguka dunia. Vinashambulia utumbo na uboho wa mifupa, kwa hivyo mbwa anapoteza maji na damu wakati kinga yake pia iko chini. Bila matibabu, wengi hawatoboi.

Kwa wasee wa Timboroa hii ni noma zaidi. Huko ni zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, baridi na mvua si mchezo. Jua kali husaidia kumaliza virusi vya parvo, lakini kwa udongo baridi wa kivulini vinaweza kukaa hadi mwaka, hata zaidi. Yaani ukizika mmoja leo na wiki ijayo ulete mwingine kwa kibanda kile kile, huyo pia umempeleka. Na wewe haikushiki, lakini gambuti zako zinaibeba kutoka boma moja hadi lingine.

"Lakini wangu alichanjwa!" Alichanjwa nini? Ile kampeni ya serikali ni ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao Kenya inalenga kumaliza vifo vyake kwa binadamu kufikia 2030. Parvo ina chanjo yake. Inaanza mbwa akiwa wiki 6 hadi 8, inarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16, kwa sababu kinga aliyopata kwa maziwa ya mama inaweza kuzima zile sindano za kwanza.

Akishaugua, usimlazimishie maziwa, atatapika tu. Mkimbize kwa daktari wa mifugo awekwe dripu, siku hiyo hiyo. Sakafu unaosha kwanza, halafu Jik kikombe 1 kwa vikombe 30 vya maji, iache dakika 10. Udongo nao hauoshwi na Jik, so mbwa atakayefuata amalize chanjo zote kabla akanyage hiyo boma.