Mtoto mwenye mahitaji maalumu: Jinsi ya kupanga safari ya Pwani

WAZAZI wa Kitengela na Kajiado wanaonuia kumpeleka Mombasa mtoto mwenye mahitaji maalumu hawalazimiki kuanzia safari Nairobi. Treni ya SGR ya kaunti, iliyoanza mwaka 2017, husimama Athi River.

Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mlemavu haki ya kufikia usafiri wa umma. Hata hivyo, ni busara mzazi kuulizia mapema namna kiti cha magurudumu kitakavyopandishwa.

Dawa za kifafa ziwe katika mkoba wa mkononi. Mtoto mwenye usonji aelezwe mapema kuhusu ukaguzi wa mizigo, ambao katika kituo cha Mombasa huhusisha mbwa.

Kutoka Miritini, wanaoelekea Diani wanaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu na kuepuka msongamano wa feri ya Likoni.