Namba Mbili Zitoshazo Kutuonya

Kila askari azijua siku za kupimwa afya. Mkanda hufungwa mkononi, hewa ikajazwa, tabibu akasikiliza, kisha namba mbili zikaandikwa katika jalada. Wengi wetu huondoka tukiuliza neno moja tu: je, tumefaulu? Kumbe namba zile zina habari zaidi ya hiyo.

Mshipa mkubwa utokao moyoni hunyumbuka kama mpira. Moyo upigapo, hutanuka ukapokea damu. Moyo utuliapo, hujikunja ukaisukuma mbele taratibu. Umri, shinikizo la damu, kisukari na tumbaku huukakamaza. Hapo kishindo cha moyo hakipati wa kukipunguza; huenda kikagonga mishipa myembamba ya ubongo na figo, na moyo wenyewe hulemewa. Ubaya ni kwamba hauumi. Mtu aweza kusimama gwaride asubuhi, akapooza jioni.

Mabingwa huupima ukakamavu huo kwa mtambo utazamao mwendo wa wimbi la mpigo baina ya shingo na kinena. Wimbi likizidi mita 10 kwa sekunde, mshipa huhesabiwa kuwa umekakamaa. Mtambo huo ni adimu katika zahanati za kambi. Lakini mkanda wa mkononi, alioubuni Scipione Riva-Rocci wa Italia mwaka 1896, na ambao Nikolai Korotkov wa Urusi alitufundisha mwaka 1905 namna ya kuusikiliza, si adimu.

Hesabu yenyewe ni ya kutoa. Mwenye 120 kwa 80 ana tofauti ya 40. Mwenye 150 kwa 80 ana 70, ingawa namba ya chini ni ile ile. Kwa aliyekwisha kuvuka makamo, tofauti ya 60 au zaidi ni dalili ya mishipa kukakamaa. Watafiti nao huchukua umri na shinikizo la wastani, wakakadiria mwendo wa wimbi pasipo mtambo.

Hata hivyo, kipimo kimoja si hukumu. Tuketi dakika tano kwanza, tusiwe tumetoka mazoezini wala kuvuta sigara, na tupimwe tena siku nyingine.

Ndugu zetu, bunduki twaikagua kila siku ingawa haijakwama. Tuziombe namba zetu, tuzilinganishe na za mwaka uliopita; na tofauti ikiwa inapanuka, tumwone mganga mapema.