Kitambaa Kilichofungiwa Nje ya Uwanja kwa Miaka Saba

Tarehe 30 Julai 2023, mwezi wa Muharram ukiwa bado mchanga, beki wa Morocco Nouhaila Benzina aliingia uwanjani mjini Adelaide, Australia, kuikabili Korea Kusini akiwa amevaa hijabu. Tangu Kombe la Dunia la wanawake lilipoanza mwaka 1991, hakuna mchezaji aliyewahi kucheza fainali hizo akiwa amejistiri kichwa. Dakika ya sita Ibtissam Jraïdi akafunga kwa kichwa, na Morocco, nchi ya kwanza ya Kiarabu kufika fainali hizo, ikapata ushindi wake wa kwanza. Siku sita kabla ilikuwa imefungwa na Ujerumani mabao sita bila jibu.

Wengi waliisimulia habari ya Benzina kana kwamba ilizaliwa siku ile. Ukweli ni kwamba ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni machozi ya mabinti wa watu.

Mwaka 2007, huko Quebec nchini Canada, binti wa miaka kumi na mmoja alitolewa mchezoni kwa sababu ya hijabu yake. Wenzake hawakukubali, waliondoka pamoja naye na kuyaacha mashindano. Shauri likafika kwa bodi ya kimataifa inayotunga sheria za mpira wa miguu, iliyokutana Manchester mwezi Machi mwaka huo, nayo ikasimama upande wa mwamuzi. Hoja iliyotangulizwa ilikuwa usalama: eti kitambaa kingeweza kumkaba mchezaji shingo.

Matunda ya uamuzi huo yalionekana Amman, Jordan, siku ya Ijumaa, tarehe 3 Juni 2011. Wanawake wa Iran walikuwa wamekwisha kufika uwanjani kucheza na wenyeji wao, wakiwania nafasi ya Olimpiki ya London. Muda mfupi kabla ya mchezo kuanza wakaambiwa kwamba kwa mavazi yale hawatacheza. Ushindi ukapewa Jordan bila mpira kupigwa, na mabinti wale wakabaki nyasini wakilia.

Aliyelibeba jambo hili hadi mezani ni Mwanamfalme Ali bin Al Hussein wa Jordan, aliyekuwa makamu wa rais wa FIFA. Alikwenda na hoja na vitambaa vilivyobuniwa upya. Julai 2012 bodi ikaruhusu majaribio, na Machi 2014 ikaiandika ruhusa katika sheria: kifuniko cha kichwa kiwe cheusi au kifanane rangi na jezi, kisishonwe pamoja nayo, kisihatarishe yeyote. Miaka saba ilihitajika kugundua kwamba kitambaa hakimuui mtu.

Wapo wazazi watakaosema, na wana haki ya kusema, kwamba kujistiri si kichwa peke yake, na kwamba binti kucheza mbele ya wanaume ajinabi ni suala la kuwauliza wanazuoni. Makala haya hayadai kulimaliza suala hilo. Hata katika kikosi cha Morocco wengi walicheza bila hijabu. Lakini sivyo ilivyoulizwa mwaka 2007. Waliokaa Manchester hawakuwa wakijadili fiqhi. Walimweka mtoto wa watu mbele ya njia mbili, avue au atoke, na mzazi wake hakuwa na kauli. Hilo ndilo lililonichoma mwandishi, ambaye si mpenzi mkubwa wa mpira.

Baada ya Korea, Morocco iliifunga Colombia 1-0 mjini Perth. Mchezo ulipokwisha, wachezaji walikusanyika uwanjani wakiikodolea macho simu, wakingoja matokeo ya Ujerumani na Korea kule Brisbane. Iliposhindikana Ujerumani kupata zaidi ya sare, walilia tena, safari hii kwa furaha: walikuwa wamefuzu hatua ya mtoano.

Wakapangiwa Ufaransa, wakafungwa 4-0. Nchini Ufaransa kwenyewe, tarehe 29 Juni, wiki chache tu kabla, mahakama ya juu ya masuala ya utawala ilikuwa imeliacha litimie katazo la shirikisho la soka dhidi ya hijabu katika mashindano yake. Binti Mwislamu wa Marseille aliweza kumtazama Benzina kwenye runinga. Mwishoni mwa juma, katika ligi ya mtaani kwake, mwamuzi angemrudisha benchi.