Mmea wa Nyoka Huuawa na Maji

Mimea mingi ya nyoka inayokufa majumbani huuawa na maji. Mwenye nyumba huona majani yamelegea na kuanza kugeuka manjano upande wa chini, akadhani mmea una kiu, akauongezea maji. Kumbe mizizi imekwisha kuoza na haiwezi tena kunyonya hata tone moja. Siku chache baadaye, jani likivutwa kidogo tu linachomoka lote, na sehemu iliyokuwa ndani ya udongo ni rojorojo la kahawia lenye harufu ya uvundo. Katika kazi ya kutunza mimea ya ndani nimekutana na kifo cha namna hii mara nyingi kuliko ugonjwa wowote, na kinaniuma kwa sababu kinawapata watu wanaoijali mimea yao.

Ili kuelewa kwa nini maji yanauua, tuanze na kwao. Huu ni mmea wa Afrika. Ule tuliouzoea, wenye majani marefu yaliyosimama wima na mistari ya kijani kilichokolea na kijani cha kijivu, asili yake ni Afrika Magharibi kushuka hadi Kongo. Wenye kingo za manjano ulikusanywa Kongo na mtaalamu wa Ubelgiji, Émile Laurent, mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1904 ukapewa jina la kumkumbuka. Hadi leo wauza miche wanaujua kwa jina la Laurentii. Kwa muda mrefu jamii yote hii iliitwa Sansevieria. Baada ya utafiti wa vinasaba kuonyesha ukaribu wake na Dracaena, wanasayansi waliziunganisha, na tangu 2017 jina la kisayansi la mmea huu ni Dracaena trifasciata. Majina yote mawili bado yanatumika sokoni, kwa hiyo usishangae ukiyaona yote kwenye vibandiko vya kitalu kimoja.

Afrika Mashariki nayo ni kitovu cha ndugu zake. Nyika za Kenya, Tanzania na Somalia zina aina nyingi za sansevieria ambazo wengi wetu tunazipita njiani na kuziita mkonge pori tu. Bonde la Oldupai kule Ngorongoro, mashuhuri kwa mabaki ya binadamu wa kale, lilipata jina lake kutokana na aina mojawapo inayoota humo kwa wingi. Katika maeneo makavu kama Tsavo na Laikipia, tembo huyatafuna majani yake wakafyonza maji yaliyomo, kisha wakatema donge la nyuzi. Nyuzi hizo hizo zimewapa watu kamba na nyuzi za pinde tangu zamani. Mkonge wa mashamba ya Tanga ni mmea mwingine, uliotoka Mexico, ingawa wataalamu wa leo wanaiweka yote katika familia moja pana.

Kwa hiyo mmea huu umeumbwa kuishi pale mvua inapokata kwa miezi. Chini ya udongo una shina nene linalotambaa, liitwalo rizomu, ambalo ni ghala la maji na chakula. Majani nayo yana nyama iliyojaa maji na ngozi ngumu yenye nta. La kustaajabisha zaidi ni namna unavyopumua. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuingiza hewa ya kaboni dayoksaidi, na wakati huo huo hupoteza maji kwa mvuke. Mmea wa nyoka hufunga vitundu vyake mchana, jua likiwa kali, na kuvifungua usiku kukiwa na ubaridi. Hewa uliyoingiza usiku unaihifadhi ndani ya majani kama asidi, kisha kukipambazuka unaitumia kutengeneza chakula huku milango imefungwa. Kiasi cha maji unachopoteza ni kidogo mno ukilinganisha na mimea ya bustani. Mmea usiopoteza maji hauhitaji kuongezewa kila siku, na maji usiyoyatumia yanabaki kwenye udongo, yanaifukuza hewa, na mizizi inakosa pumzi. Hapo fangasi wa kuozesha wanapata nafasi.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni umwagiliwe kila baada ya siku ngapi. Sipendi kulijibu kwa idadi ya siku, maana sebule ya Kigamboni na ofisi ya Nairobi yenye kiyoyozi hazikauki sawa. Ninachoshauri ni kijiti. Chukua kijiti kikavu cha mti, kama kile cha mishikaki, ukichomeke taratibu kando ya chungu mpaka karibu na kitako, ukiache kwa dakika kumi. Kikitoka na unyevu au chembe za udongo zilizogandamana, rudi wiki ijayo. Kikitoka kikavu kabisa, mwagilia. Kuugusa udongo wa juu kwa kidole hakutoshi, kwa sababu juu hukauka upesi wakati chini bado kuna tope. Katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, mmea ulio karibu na dirisha kwa kawaida unaweza kukaa wiki mbili hadi tatu. Mahali penye baridi au mwanga hafifu unaweza kupita mwezi na zaidi bila shida yoyote.

Siku ya kumwagilia ikifika, mwagilia kwelikweli. Mimina maji kuzunguka chungu, si katikati ya majani, kwa kuwa maji yanayotuama pale majani yanapokutana huozesha moyo wa mmea. Endelea mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Kikombe kidogo kila asubuhi ni kibaya kuliko kinywesho kimoja kikubwa kwa mwezi: mizizi ya chini inakosa maji huku ya juu ikishinda kwenye unyevu. Kisha mwaga maji yote yaliyobaki kwenye kisahani. Hili si kwa ajili ya mmea peke yake. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, huzaliana katika maji machache yaliyotuama kama haya, na Dar es Salaam ilikumbwa na milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019. Kisahani kikavu ni afya ya nyumba nzima.

Jihadhari pia na maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya Ulaya, ambayo sasa yamejaa kwenye simu zetu. Yanasema upunguze maji kuanzia Novemba hadi Februari kwa sababu ni majira ya baridi. Kwetu Pwani, miezi hiyo kaskazi inavuma na joto limepanda. Kipupwe chetu ni Juni hadi Agosti. Nairobi, Njombe na Mbeya mwezi wa Julai zina ubaridi na mawingu ya kutosha kuufanya mmea uache kukua, na hapo ndipo mkono wa maji unapaswa kuwa mzito kutoka. Masika nayo yana hila yake, kwani hewa imejaa unyevu na chungu kilichokuwa kikikauka kwa siku kumi na tano kinaweza kuchukua mara mbili ya muda huo. Mmea huu hauwezi kustahimili baridi inayoshuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kwa muda mrefu, hasa udongo ukiwa umelowa. Kwenye miinuko yenye baridi ya usiku, uingize ndani mbali na kioo cha dirisha.

Chungu na udongo ni nusu ya kazi. Chungu cha udongo uliochomwa ndicho ninachokipenda kwa watu wenye mkono mwepesi wa maji, kwa sababu kuta zake zinapitisha unyevu. Plastiki inafaa pia, ilimradi ina matundu na mwenyewe ana subira. Chungu kisicho na tundu, hata kiwe cha kupendeza namna gani, kitumie kama pambo la nje tu, na ndani yake uweke chungu kingine chenye matundu. Usichague kikubwa ukidhani unaupa mmea nafasi. Udongo mwingi usio na mizizi unashika maji yasiyo na wa kuyanywa. Kipenyo kinachozidi fungu la mizizi kwa vidole viwili au vitatu kinatosha. Mmea wenyewe unapenda kubanwa, na rizomu zake zina nguvu ya kupasua ndoo ya plastiki. Ukiona chungu kimeanza kupinda, ndio wakati wa kuhamisha.

Udongo wa bustani peke yake, hasa ule mweusi wa mfinyanzi wa maeneo mengi ya Nairobi, hugeuka tofali ukikauka na tope ukilowa. Changanya sehemu moja ya udongo wa juu au mboji iliyoiva na sehemu moja ya mchanga mkubwa wa mtoni, kisha uongeze sehemu moja ya kokoto ndogo au vijiwe vyepesi vya volkano ambavyo Bonde la Ufa limejaliwa navyo. Pwani, makumbi ya nazi yaliyosagwa na kusuuzwa vizuri yanaweza kuchukua nafasi ya mboji. Mchanga wa ufukweni usiutumie kabisa, kwa kuwa chumvi yake itaunguza mizizi. Mbolea si jambo la kuumiza kichwa: mbolea ya maji ya mimea ya ndani, iliyozimuliwa nusu ya kipimo kilichoandikwa, mara mbili au tatu katika miezi ya joto, inatosha. Samadi mbichi usiiguse.

Kuhusu mwanga, kuna maneno ya sokoni yanayopaswa kurekebishwa. Mmea huu haupendi giza. Unalivumilia, maana yake unaishi kwa kula akiba yake bila kukua, majani mapya yanatoka membamba na marefu yasiyojiweza, na mistari inafifia. Uweke mita moja au mbili kutoka dirisha lenye mwanga wa kutosha. Dirisha la mashariki ni zuri mno kwa jua lake laini la asubuhi. Kwa sisi tulio karibu na Ikweta, jua huhama: Juni linaangaza kutoka kaskazini, Desemba kutoka kusini, kwa hiyo dirisha lililokuwa na kivuli katikati ya mwaka linaweza kuwa na jua kali mwisho wa mwaka. Mmea uliozoea kivuli ukitolewa ghafla kwenye jua la saa nane huungua na kupata mabaka meupe yasiyopona. Usogeze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Kuuzalisha ni rahisi, na hapa kuna siri ambayo wanunuzi wengi wa Laurentii huigundua kwa masikitiko. Ukikata jani vipande vya urefu wa sentimita 7 hadi 10, ukaviacha kivulini siku mbili tatu mpaka kidonda kikauke, kisha ukavichomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, vitatoa mizizi kwa mwezi mmoja au miwili, na vichipukizi baada ya miezi zaidi. Sharti ni moja: upande uliokuwa chini ubaki chini, la sivyo hakitaota kitu. Lakini kipande cha jani la Laurentii kitakupa mtoto wa kijani mtupu, bila kingo za manjano. Sababu ni kwamba manjano ile imo katika tabaka maalumu la seli linalokua sambamba na tabaka la kijani, na chipukizi linalozaliwa upya kutoka kwenye kipande cha jani halichukui matabaka yote kwa mpangilio wake. Ukitaka kubaki na manjano, toa mmea kwenye chungu, ukate rizomu kwa kisu safi, kila kipande kiwe na majani na mizizi yake, na uache kidonda kikauke kabla ya kupanda.

Wadudu si wengi. Vidung'ata, wale wenye unga mweupe kama pamba, hujificha chini pale majani yanapokutana. Wapanguse kwa kitambaa kilicholowekwa spiriti, rudia kila wiki mpaka waishe. Vumbi pia lipanguse, kwa sababu linazuia mwanga.

Limebaki suala la hewa. Mara nyingi nasikia kwamba mmea huu unasafisha hewa ya chumba na kutoa oksijeni usiku. Chanzo cha dai la kwanza ni ripoti ya NASA ya mwaka 1989, iliyoongozwa na B. C. Wolverton, ambapo mimea iliwekwa kwenye masanduku yaliyozibwa na kweli ikapunguza kemikali kama benzini na fomaldehaidi. Nyumba haijazibwa. Mwaka 2019 Cummings na Waring wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio mengi ya aina hiyo na kukokotoa kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi ambayo upepo wa kawaida wa jengo unaifanya. Kuhusu oksijeni, usiku mmea huu huingiza kaboni dayoksaidi, lakini oksijeni hutengenezwa kwa nguvu ya mwanga. Fungua dirisha kwa ajili ya hewa, na upende mmea kwa uzuri wake.

Kama kuna paka, mbwa au mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, uweke juu asipoufikia. Majani yana saponini, inayoweza kuleta kutapika na kuharisha.

Ukitaka kuanza, nenda kwenye kitalu au mwombe jirani chipukizi. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kugawiwa nyumba tatu bila kudhurika. Zile za porini ziache zilipo. Aina kadhaa za Kenya na Tanzania huota katika maeneo madogo sana, na zikishang'olewa kwa ajili ya kuuzwa hazirudi upesi.