Umenunua Minazi, au Umenunua Ardhi?

Watu wengi wa Makadara na Mji wa Kale, wakiisha kuweka akiba, hutamani kupata shamba nje ya kisiwa, ama kwa kuvuka feri ya Likoni kwenda upande wa Kwale, ama kwa kupita daraja la Nyali kwenda upande wa Kilifi. Ni tamaa njema. Lakini wako waliotoa fedha za miaka mingi, kisha wakaona kwamba walichonunua sicho walichodhani. Makala haya yaeleza kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi mnunuzi anavyoweza kujikinga.

Shida huanza katika neno lenyewe, shamba. Mtu wa Mwambao akisema kwamba ana shamba la minazi mia, mara nyingi huhesabu miti, wala hahesabu ekari. Minazi yaweza kuwa ya mtu mmoja, udongo ukawa wa mtu wa pili, na nyumba iliyo katikati ikawa ya mtu wa tatu, ambaye humlipa mwenye udongo kodi ya kiwanja. Hata kisiwani, huko Majengo, nyumba imeuzwa na kununuliwa bila ardhi tangu zamani, wala hakuna aliyestaajabu. Sheria ya Kiingereza haikuzoea hivyo; kwayo, mwenye udongo ndiye mwenye kila kilichosimama juu yake.

Desturi hizi mbili zilikutana katika Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908, iliyowekwa ili kuandikisha ardhi ya ukanda wa maili kumi uliokuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Chini ya sheria hiyo, cheti cha kumiliki ardhi kilikuwa ushahidi kwamba minazi na nyumba pia ni za mwenye cheti, ila ikiwa imeandikwa vinginevyo. Mnunuzi mwenye haraka hutazama jina na muhuri, akaliacha hilo neno la mwisho, nalo ndilo lenye kumtia hasarani.

Sheria ile ile ilitaka kila mwenye kudai ardhi alete madai yake kwa maandishi. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Wengi katika Wamijikenda hawakuleta madai; baadhi yao hawakupata habari, na wengine hawakuona maana ya kudai kwa karatasi kitu walichokuwa wakikilima siku zote. Tena katika Oktoba 1963, ukanda ule ulipounganishwa na Kenya, iliahidiwa kwamba hati zilizokwisha kuandikishwa zitaheshimiwa. Sheria ya 1908 ilifutwa mwaka 2012, lakini vyeti vyake havikufa pamoja nayo. Ndiyo sababu hata leo waweza kukuta kijiji kizima kimekaa juu ya ardhi ambayo hati yake imo sandukuni mwa mtu aliye mbali.

Tuseme, basi, kwamba mtu wa Makadara amekwenda Kikambala, akaonyeshwa shamba zuri lenye minazi na miembe. Akamwuliza mwenyeji wake, "Mzee, shamba hili ni lako?" Naye akajibu, "Ni langu, mwanangu. Minazi hii aliipanda marehemu baba." Mzee huyu hakusema uongo hata kidogo, kosa lilikuwa katika swali. Ilifaa aulizwe, "Udongo huu ni wa nani, na kodi yake hulipwa kwa nani?" Majirani nao waulizwe vivyo hivyo, wala dalali asiwe ndiye mwenye kuwajibia.

Kinyume chake hutokea pia: hati ni safi, lakini watu wamo ndani ya shamba. Mtu aliyekaa juu ya ardhi ya mwingine kwa wazi, bila ruhusa, kwa miaka 12 mfululizo, aweza kwenda mahakamani kudai kwamba ardhi imekuwa yake. Mpangaji mwenye kulipa kodi hana dai hilo, kwa kuwa amekaa kwa ruhusa. Na hata asiye na dai lolote hatolewi kwa ghafula. Tangu mwaka 2016 sheria inataka apewe notisi ya miezi isiyopungua mitatu. Basi mnunuzi na alitembee shamba lote, ahesabu nyumba, ajue kila moja ni ya nani.

Baada ya hayo ndipo aende afisi ya ardhi kutafuta habari za hati ile: mwenyewe ni nani, tena kama imewekwa rehani au imezuiliwa na mahakama. Ikiwa jina lililoandikwa ni la marehemu, mmoja wa watoto hana mamlaka ya kuuza peke yake, hata akiwa ndiye mkubwa. Urithi na ukatwe kwanza. Waislamu wengi huupeleka kwa Kadhi.

Mapatano ya kuuza ardhi hayana budi kuandikwa, kutiwa sahihi na kushuhudiwa. Lakini kwa ardhi ya kilimo hayo hayatoshi. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yataka pande zote mbili zipate kibali cha Bodi ya mahali pale, na ombi lipelekwe katika miezi sita tangu siku ya mapatano. Bila kibali, mauzo ni batili. Mnunuzi aweza kudai fedha zake kama deni, lakini kudai si kupata, hasa ikiwa muuzaji amekwisha kuzijengea nyumba. Bodi huwa na desturi ya kuuliza kama mke au mume wa muuzaji amekubali, na ni vyema yeye naye aje mbele yake siku hiyo.

Kibali kikiisha kupatikana, ushuru wa stempu hulipwa, nao ni asilimia 2 ya thamani kwa ardhi ya mashambani na asilimia 4 kwa ya mjini. Kisha hati huandikishwa kwa jina la mnunuzi. Salio la fedha na likae kwa wakili mpaka siku hiyo. Na ikiwa minazi imo katika bei, basi na iandikwe katika mapatano, pamoja na idadi yake.