Minyoo wa kina kirefu: nani huwapa majina?

DUBAI – Anayesimama kwenye ufukwe wa Jumeirah haangalii bahari ya kina kirefu. Wastani wa kina cha Ghuba ni kiasi cha mita 35 tu. Lakini ukivuka milima kwenda Fujairah, unakutana na Ghuba ya Oman, ambako sakafu ya bahari hushuka zaidi ya mita 3,000.

Katika matope ya vina kama hivyo huishi minyoo wa baharini, na wengi wao duniani bado hawajapewa majina.

Kazi ya kuwatambua si ngeni katika maji haya. Mwaka 1933 na 1934 meli ya Misri, Mabahiss, ikiwa chini ya mtafiti wa Uingereza Seymour Sewell, ilipima na kuvua viumbe kuanzia Ghuba ya Oman na Bahari ya Arabu hadi Mombasa na Zanzibar. Minyoo waliopatikana walielezwa na C.C.A. Monro katika ripoti iliyochapishwa London mwaka 1937.

Mtaalamu humweka mnyoo chini ya hadubini, akahesabu pingili za mwili wake na kuchunguza taya na nywele ngumu za ubavuni. Siku hizi husoma pia vinasaba. Kisha hulinganisha na kila aina inayofanana iliyokwisha kuandikwa.

Akiridhika kwamba ni mgeni, humpa jina la maneno mawili, huchapisha maelezo yake, na huteua mnyoo mmoja awe kielelezo cha kudumu, ambaye kwa kawaida huhifadhiwa katika jumba la makumbusho. Wakitokea wawili waliompa mnyoo yuleyule majina tofauti, kwa kawaida la aliyetangulia ndilo hushinda.

Jina si lazima liwe Kilatini. Kanuni za kimataifa zinaruhusu neno la lugha yoyote, Kiswahili kikiwemo. Dinosaria mmoja wa kusini-magharibi mwa Tanzania aliitwa Mnyamawamtuka moyowamkia mwaka 2019, kwa kuwa alipatikana karibu na mto Mtuka na mifupa ya mkia wake ina umbo la moyo. Kwa minyoo wa pwani yetu mlango huo pia uko wazi, iwapo vijana wetu watasomea fani hii.

Na muda si mwingi. Mwaka 2018 watafiti wa Uingereza na Oman, wakitumia roboti za chini ya maji, walitangaza kwamba Ghuba ya Oman ina eneo kubwa kuliko Scotland lenye oksijeni kidogo mno, kati ya mita 200 na 800.

Kiumbe asiye na jina ni vigumu kuwekwa katika orodha ya wanaolindwa. Akitoweka, hakuna atakayejua kwamba aliwahi kuwepo.