Kutembea na Kulala Hell's Gate

Je, darasa lenu lataka kutembelea mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha? Mbuga hii ya Kenya ilianzishwa mwaka 1984. Humo watu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, ingawa nyati na chui wamo. Chukueni hema, kurunzi, blanketi na maji ya kunywa. Usiku kuna baridi.

Lakini jambo kubwa ni korongo la Ol Njorowa. Kuta zake ni ndefu, na mahali pengine njia ni nyembamba sana. Mvua ikinyesha mbali, maji hukusanyika na kuingia humo kwa ghafula. Juu yenu jua laweza kuwa linawaka! Mwaka 2012 watu 7 walikufa humo. Mwaka 2019 wakafa wengine 7.

Basi, kabla ya kushuka, waulizeni askari wa mbuga kama korongo limefunguliwa, na kama mvua imenyesha upande wa juu. Shukeni pamoja na kiongozi anayeijua njia. Mkisikia mvumo, au mkiona maji yamegeuka rangi, pandeni juu mara moja. Mizigo iacheni. Usiku laleni katika kambi za mbuga, kama Naiburta, wala si katika mkondo mkavu, hata kama mchanga wake ni laini kama godoro.